Kuhe Ndani ya Kioo: Mla Samaki Hukua Kiasi Gani Nyumbani?

Mpwa wangu anafanya kazi Diani na amepanga chumba Ukunda. Mwaka juzi alinunua samaki wa mapambo aina ya oska, mdogo kama kidole gumba, akamtia katika tangi la kioo la lita 60 alilouziwa kwa bei ya chini. Idi ya mwaka jana alikuja kisiwani kwetu Wasini kutuamkia, na baada ya chakula akatoa simu kunionyesha picha. Samaki alikuwa amelijaza tangi. Akitaka kugeuka hujikunja kama upinde, pua inagota kioo cha mbele na mkia unapangusa cha nyuma. "Mjomba," akaniuliza, "huyu atakua mpaka wapi?"

Barazani tulikuwa watu sita, na majibu yakaja kabla sijafungua mdomo. Mzee mmoja, mvuvi tangu utoto, akasema samaki hukua kwa kadiri ya nyumba yake: mtie padogo atabaki mdogo, mtie papana atatanuka. Wengine wakaitikia. Kauli hiyo nimeisikia Shimoni, Msambweni na Mombasa, na wafugaji wa Ulaya na Marekani nao huisema vilevile. Ina chembe ya ukweli, na ni chembe hiyo inayoifanya iwe hatari. Samaki mla samaki anayebaki mdogo kwa sababu ya kioo ni mgonjwa anayekufa polepole, na mwenyewe anadhani amempata samaki mtiifu.

Tuanze na ukoo. Oska ni wa jamii moja na perege tunaowala, jamii ambayo wataalamu huiita sikilidi. Ni ukoo mkubwa ajabu. Ziwa Victoria peke yake lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu kabla sangara hajawamaliza wengi wao, Ziwa Nyasa lina aina nyingi kupita hizo, na Tanganyika lina karibu 250. Wengi ni wadogo, wa kutosha kiganjani: wakwangua mwani, wala konokono, wachuja mchanga. Watu wa pwani tulifuga samaki ndani ya majengo zamani, kabla kioo hakijafika. Ingia misikiti ya kale ya Lamu utawaona samaki wadogo ndani ya birika la kutawadhia, wamewekwa wale viluwiluwi vya mbu. Birika lile ni dogo, samaki ni wadogo, na chakula chao huzaliwa humo humo. Aliyeanzisha desturi hiyo aliyatazama maji aliyonayo kwanza, kisha akachagua samaki. Mfugaji wa leo hufanya kinyume: humpenda samaki dukani, kisha huanza kutafuta maji.

Wanaowala samaki wenzao ndani ya ukoo huu ni habari nyingine, na aliye mkubwa kuliko wote Afrika ni wa kwetu Afrika Mashariki. Ni kuhe wa Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa Kigoma humwita hivyo, na wanasayansi humwita Boulengerochromis microlepis, kwa heshima ya George Albert Boulenger, Mbelgiji wa jumba la makumbusho la London aliyemwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Hakuna ziwa jingine duniani lenye kuhe. Mwili wake ni mrefu kama wa samaki wa bahari ya wazi, rangi ya dhahabu, na madoa meusi ubavuni. Vitabu humpa urefu wa hadi sentimita 65 na uzito wa kilo 4 na nusu. Madai ya sentimita 80 na zaidi yapo pia, ila mimi nashika lile lililopimwa. Jike hutaga maelfu ya mayai, na baba na mama hulinda vifaranga kwa wiki nyingi karibu bila kula chochote. Watafiti wanaamini kwamba wengi wao huzaa mara moja tu maishani, kisha hudhoofika na kufa. Mwili wa nusu mita na zaidi hutumika wote kwa kizazi kimoja.

Amerika wana wakubwa wao. Parachromis dovii wa Honduras, Nikaragua na Kosta Rika amepimwa hadi sentimita 72, na uzito wa karibu kilo 7. Nduguye mwenye madoa kama ya chui, Parachromis managuensis, huweza kuzidi nusu mita. Juu ya wote yuko Cichla temensis wa mito ya Amazon na Orinoko, ambaye hukaribia mita nzima. Aliyeandikwa katika rekodi ya dunia ya uvuvi wa ndoana alivuliwa Brazili mwaka 2010 akiwa na kilo 13 na kidogo. Oska wa mpwa wangu, Astronotus ocellatus, ametoka bara hilo hilo. Vitabu humpa hadi sentimita 45.

Lakini nambari hizi ni za majabari. Mtu mrefu kuliko wote aliyewahi kupimwa alifika mita 2.72, na hakuna fundi anayepandisha vizingiti vya milango kwa kumfikiria yeye. Kuhe wengi wanaofika sokoni Kigoma hawafiki sentimita 65, na oska wengi wenye afya hukomea kati ya 28 na 35. Anayeuliza samaki wake atafika wapi aache rekodi, aulize wengi wao hufika wapi.

Na kabla hajajibiwa, aulize pia walimpima vipi. Ubishi mwingi wa wafugaji ungekwisha hapo. Mvuvi hupima kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Wataalamu wa sikilidi mara nyingi huishia pale nyama inapokoma na mapezi ya mkia kuanza. Samaki wa sentimita 50 kwa mvuvi anaweza kuwa wa 40 kwa mtaalamu, na ni samaki yuleyule. Halafu kuna jicho lenyewe. Kitu kilicho mita moja ndani ya maji, kikitazamwa kupitia kioo bapa, huonekana kama kipo sentimita 75 tu, na kwa kuwa kimesogezwa karibu, huonekana kikubwa. Manahodha wanaopeleka wageni katika hifadhi ya Kisite wanalijua hili kwa mazoea. Mgeni huinuka majini na miwani usoni akiapa kwamba amemwona chewa wa ukubwa wa mtu, na nahodha, aliyemwona chewa huyohuyo kila siku ya msimu, anajua kwamba hafiki mkono mzima. Tangi la sebuleni lina kioo hicho hicho. Ndiyo maana samaki wa nyumbani akitolewa nje kwa mara ya kwanza na kulazwa kwenye rula, mwenyewe hushtuka jinsi alivyo mfupi. Nilimwambia mpwa wangu ampime kabla hatujaendelea. Alikuwa na sentimita 24. Picha ilikuwa imetuonyesha 30.

Sasa turudi kwenye kauli ya mzee. Samaki hafanani na mtu, ambaye akifika miaka ishirini urefu wake umekwisha. Hukua maisha yake yote, ila kila mwaka huongeza kidogo kuliko uliopita, mpaka nyongeza inakuwa haionekani kwa macho. Ludwig von Bertalanffy aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1938, na hadi leo watafiti wa uvuvi hulitumia kukadiria umri na urefu wa changu, chewa na tafi. Sikilidi wakubwa hukimbia sana mwanzoni. Oska aliyelishwa vizuri hufika sentimita 25 kwa mwaka mmoja hivi, na dovii dume humpita. Baada ya hapo mwili hupunguza mwendo, kwa sababu sehemu ya chakula sasa inakwenda kwenye mayai na manii, na sehemu nyingine kubwa kwenye kuutunza tu ule mwili uliokwisha kujengwa.

Chembe ya ukweli iko kwa perege. Mfugaji yeyote wa mabwawa anajua kwamba perege wakisongamana katika bwawa dogo huanza kuzaa wakiwa na sentimita 10 tu, na bwawa hujaa samaki wa kidole wasiouzika. Ndugu zao wa ziwani huzaa wakiwa wameshapita mara mbili ya hapo. Rosemary Lowe-McConnell, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, alilinganisha katika miaka ya 1950 perege wa maziwa makubwa na wale wa rasi na vidimbwi vya kando ya maziwa hayohayo, akaona tofauti hiyo waziwazi. Maji madogo humfanya perege akimbilie kuzaa na kuacha kukua. Ila tazama jinsi inavyotokea. Bwawa halimpimi samaki likaamua awe wa sentimita ngapi. Chakula kinakuwa haba, joto la maji linapanda na kushuka, oksijeni inapungua usiku, wenzake wamemsonga, na mwili wake unaona hakuna kesho ya kuingojea. Perege amezaliwa na uwezo huo wa kuzaa mapema, kwa kuwa vidimbwi vinavyokauka ni sehemu ya maisha yake. Kuhe, dovii na temensis hawana njia hiyo ya mkato ya kutegemea. Wao hubaki wadogo kwa kudumaa: mgongo unapinda, macho yanaonekana makubwa kuliko kichwa, tumbo linabonyea, na vidonda kama vitundu vinajitokeza kichwani. Wafugaji wa oska wanavijua vitundu hivyo vizuri.

Kinachodumaza ni maji, na hasa kile ambacho samaki mwenyewe hukitoa. Samaki huondoa taka ya protini kupitia matamvua kwa njia ya amonia. Ndani ya tangi lililokomaa, bakteria waishio kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Mbili za kwanza ni sumu kali. Ya tatu ni sumu ya polepole, na chujio la kawaida haliiondoi. Huondoka kwa kumwaga maji na kutia mengine. Hapa hesabu ya mla samaki inakuwa nzito. Urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi karibu mara nane. Oska wa sentimita 30 ni kama nusu kilo. Kuhe wa sentimita 60 anakaribia kilo 4, na chakula chake chote ni nyama, chenye protini nyingi kuliko chakula cha perege. Mtu anayesema "tangi langu la lita 200 linamtosha wa sentimita 30, basi la lita 400 litamtosha wa 60" amekosea kwa mara nne.

Pwani yetu inaongeza tatizo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi, kwa kuwa wao hununua hita na sisi hatuihitaji. Amonia ipo katika sura mbili, moja kali na nyingine pole, na kiasi cha ile kali hutegemea joto na pH ya maji. Katika maji ya pH 7 na nyuzi 25, ile kali haifiki asilimia 1. Katika maji ya pH 8 na nyuzi 30 inapita asilimia 7, zaidi ya mara kumi. Wasini ni jiwe la matumbawe tupu. Anayetaka kuliona ajionee bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya kijiji, pale kina mama walipojenga njia ya mbao. Maji yanayopita katika jiwe hilo, au yanayolala katika tangi lililopigwa chokaa, huwa magumu na pH yake hupanda. Ziwa Tanganyika nalo lina pH ya karibu 9, kwa hiyo kuhe ameyazoea maji ya namna hiyo, lakini ameyazoea yakiwa safi, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Joto hilohilo hupunguza oksijeni pia. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 hushika miligramu 8 na kidogo kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7 na nusu, huku samaki akihitaji zaidi kwa kuwa mwili wake umechemka. Wanasayansi wameona mara nyingi kwamba samaki wa maji ya joto hukimbia kukua utotoni na kukomea wadogo ukubwani. Daniel Pauly anasema chanzo ni matamvua, ambayo hayawezi kupanuka kwa kasi ya mwili. Wapo wanaombishia vikali. Sababu ikiwa hiyo au nyingine, mfugaji wa Diani asitarajie urefu ule ule aliousoma kutoka kwa mfugaji wa Ujerumani.

Basi nikamfanyia mpwa wangu hesabu kwa mitungi, kwa kuwa mtu wa Wasini huelewa mitungi. Kisiwa hiki hakina mto, na visima vyake ni vya maji ya chumvi. Miaka mingi tumeishi kwa mvua iliyokingwa, na kiangazi kikiwa kirefu, kwa mitungi ya lita 20 iliyovushwa kwa mashua kutoka Shimoni. Kila aliyekulia hapa ameubeba mtungi kutoka gatini na anajua uzito wake begani. Haya. Dovii au kuhe aliyekomaa anahitaji tangi lenye upana usiopungua urefu wake na nusu yake tena, ili ageuke bila kujikunja. Nikichukua urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 90 na kina cha 75, ninapata lita 1,620. Maji hayo pekee yana uzito wa tani 1.6, kabla ya kioo, ambacho kwa kina hicho kinataka unene wa milimita 15 hadi 19. Badilisha asilimia 30 ya maji kila wiki, kiasi ambacho kwa mla nyama wa ukubwa huo ni cha chini, na umemwaga lita 486. Ni mitungi 24 na zaidi. Kila wiki, kwa samaki mmoja, kwa miaka kumi.

Barazani palikuwa kimya. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akauliza kama huyo samaki anafua nguo.

Kuna wenye nyumba kubwa Diani na Nyali wanaoweza kulipia maji hayo bila kuhisi, na kwa hao jibu langu ni hili. Tangi la lita 1,500 na zaidi, chujio kubwa mara mbili ya linalopendekezwa, maji yanayobadilishwa bila kukosa: dovii dume atafika sentimita 45 hadi 55, mara chache 60. Jike atakuwa mfupi kwa robo hivi. Yule wa madoa ya chui atafika 35 hadi 42. Temensis ninamwondoa kabisa, kwa kuwa hata mita 3 za kioo kwake ni korido, na samaki wa kundi lake wanaofaa nyumbani ni wale wadogo zaidi wanaokomea karibu na nusu mita. Kuhe naye ningemwacha alipo. Anakua haraka, ni muogeleaji wa maji ya wazi, hushtuka na kugonga kioo, na akikaribia kuzaa hapatani na yeyote. Wafanyabiashara wamekuwa wakiwasafirisha samaki wa Tanganyika kwenda Ulaya tangu zamani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa Burundi, alifanya biashara hiyo ijulikane duniani katika miaka ya 1970. Aina nyingi za ziwa lile zimezoea kioo na huzaa humo kwa vizazi. Nusu karne baadaye, kuhe bado ni adimu katika matangi ya watu. Samaki mrembo, mkubwa na wa kusisimua hawi adimu kwa wafugaji kwa muda huo wote ila kwa sababu wengi waliojaribu walishindwa naye.

Kwa asiye na maji hayo, oska ndiye mpaka. Tangi la urefu wa mita moja na nusu, lita 500 hivi, samaki mmoja, mitungi minane kwa wiki. Atafika 30, ataishi miaka kumi au zaidi, atamjua anayemlisha na kumfuata kwa macho chumba kizima.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Stima ikipotea usiku wa Machi, pampu ikasimama, samaki mdogo katika maji mengi ataifikia asubuhi. Samaki wa kilo 3 katika tangi lililojaa taka anaweza kuanza kuhema juu ya maji ndani ya saa chache, na bakteria wa chujio, ambao pia wanaishi kwa oksijeni, wanaanza kufa pamoja naye. Pampu ndogo ya hewa ya betri si anasa kwa mfugaji wa namna hii.

Kuhusu chakula nitasema machache, ila yashikwe. Wanaotaka samaki wakue haraka huwapa moyo wa ng'ombe na nyama ya kuku. Samaki hunenepa, mwenyewe hufurahi, na ini hujaa mafuta ambayo mwili wa samaki haukuumbwa kuyashughulikia. Wengine huwatupia samaki hai wadogo wa dukani, na huingiza maradhi pamoja nao. Sisi wa pwani tuna neema ya kamba na vipande vya samaki wabichi, na hivyo ni vizuri. Dagaa peke yake kila siku si vizuri, kwa sababu baadhi ya samaki wadogo wa jamii za dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mla samaki asiyepata kingine hudhoofika mishipa. Changanya na chakula cha vidonge. Mtoto apewe kila siku. Samaki aliyekomaa, mara tatu au nne kwa wiki zinamtosha. Samaki mrefu na samaki mnene ni viumbe viwili, na picha nyingi zinazosifiwa ni za wa pili.

Swali la mpwa wangu linatugusa Wasini kwa upande mwingine pia, maana sisi ni wapelekaji. Kwa miongo mingi wazamiaji wa pwani hii, kutoka Shimoni, Msambweni na kwingineko, wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa vyandarua vidogo, wakiwatia katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na kesho yake samaki wako ndani ya ndege. Ndani ya hifadhi ya Kisite, iliyotengwa katika miaka ya 1970, kuvua ni marufuku. Kazi hii hufanyika nje yake, na wavuvi wa chakula wamewalalamikia wenzao hao mara kwa mara kuhusu miamba wanayogombania. Wengi wanaokamatwa ni wadogo wa kuzaliwa na watabaki wadogo. Lakini biashara ya dunia huuza pia watoto wa chewa. Chewa mkubwa kuliko wote, Epinephelus lanceolatus, anayeishi katika Bahari ya Hindi hadi kwetu, huuzwa akiwa na urefu wa kidole, mistari ya manjano na nyeusi, mzuri wa kutamanisha. Akikomaa hufika mita 2.7 na kilo 400. Hakuna nyumba duniani inayomtosha, na aliyemnunua Frankfurt au Dubai huenda hakuambiwa. Muuzaji wa Ukunda aliyempa mpwa wangu oska wa kidole gumba pamoja na tangi la lita 60 hakumwambia pia. Ningependa kila duka la samaki wa mapambo, hapa na kule, libandike juu ya kioo urefu ambao samaki huyo hufikia akiwa mzima. Nambari moja tu, kwa sentimita, kwa maandishi makubwa.

Maana mwisho wa samaki aliyekua kupita tangi hujulikana. Mwenyewe humwonea huruma, humtia ndooni na kumpeleka mtoni. Mgeni wa namna hiyo akishaingia majini, hata kwa bahati mbaya, gharama yake Panama wanaijua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki wa jamii ya Cichla, waliokuwa wamewekwa katika bwawa la mtu, walitoroka wakaingia Ziwa Gatun. Thomas Zaret na Robert Paine waliandika mwaka 1973 jinsi samaki wengi wa asili walivyotoweka mbele ya mlaji huyo, na jinsi hata ndege waliowategemea walivyopungua. Ziwa Victoria tunalijua wenyewe. Kwale ina mito midogo, Ramisi, Mkurumudzi na Umba, yenye perege wake wa asili na vijiji vinavyovua humo kwa ndoana na migono. Mito hiyo ina joto mwaka mzima, na hakuna baridi itakayomuua mgeni wa Amazon. Jozi moja ya dovii ikikubaliana na maji hayo inatosha kuanzisha mambo ambayo hakuna serikali itakayoyarudisha.

Mpwa wangu alinunua tangi la lita 500 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Diani, akalikalisha juu ya matofali sakafuni. Juzi amempima tena: sentimita 31, mgongo umenyooka, na kitundu kimoja kilichokuwa kimeanza kichwani kimeziba. Kila Jumapili anabeba mitungi minane. Kwa wengine wenye samaki aliyewazidi, ombi langu ni hili: mrudisheni kwa aliyewauzia, mpeni mwenye tangi kubwa zaidi, na kama hajawahi kutiwa dawa, mleni, kwani oska ni kitoweo Amazon kama perege alivyo kitoweo kwetu. Msimpeleke Ramisi.